Tawi la Mlusina

Ukiulizia fundi baiskeli pale Same utaelekezwa vibanda vitatu, na cha tatu watakwambia ndiko aliko fundi hasa, ila usitegemee maongezi. Huyo ndiye Sifael. Kibanda chake kipo nyuma ya stendi, upande ambao upepo wa Same hauna adabu hata kidogo. Tangu saa tatu asubuhi unamwaga vumbi juu ya grisi, naye anafuta, unamwaga tena, anafuta tena. Akinyoosha ringi huizungusha karibu na sikio, kwa maana anaamini macho ya fundi wa Same yameshaharibiwa na vumbi lakini masikio bado mazima. Mteja akimharakisha, humsogezea kigoda na kumwomba akae.

Ndani, kwenye ukuta wa mabati, imetundikwa baiskeli ya gia, nyekundu, gurudumu lake la mbele limejikunja. Wageni huulizia bei. Wenyeji hawaulizi, kwa sababu wanajua ilikuwa ya Eliufoo.

Sifael alizaliwa milimani, Vudee, kwa Mama Ernesta, mwanamke aliyefuga mbuzi wanne na kuwapenda kuliko majirani zake. Hapa naomba tuelewane kuhusu mbuzi wa milimani, maana habari hii yote imelala juu yao. Mbuzi wa kule juu hatembei. Mashamba yamebanana kwenye matuta, na ukimfungulia kwa dakika tano anakuletea kesi ya mwaka mzima. Kwa hiyo hufungiwa bandani, akalia humo mpaka aletewe majani. Kazi ya Sifael tangu akiwa na miaka sita ilikuwa kukata matawi ya mlusina, mti wa malisho, kila jioni na kuwapelekea. Alikua akimjua mbuzi kama kiumbe anayengoja kuletewa. Kwamba kuna mbuzi wanaojitafutia wenyewe, alikuja kuliona baadaye, aliposhuka Same kujifunza ufundi. Aliliona, lakini halikumwingia.

Eliufoo alikuwa muuguzi, mtu wa Mbaga, mrefu, mcheshi, mwenye kicheko ambacho kiliwahi kumwamsha mgonjwa. Alileta baiskeli yake ya mtumba ikiwa imekatika mnyororo, akakaa kwenye kigoda akaongea peke yake mpaka Sifael akacheka, jambo ambalo jirani yao muuza chapati alilisimulia wiki nzima. Jumamosi iliyofuata wakaenda mlimani pamoja. Baadaye akaongezeka Ledama, mwenye duka la dawa za mifugo, mtoto wa wafugaji wa kule bondeni. Ledama alinunua baiskeli kwa kuwa pikipiki, alisema, inawashtua ng'ombe, kisha akagundua kwamba kushuka nayo mlimani kunamshtua yeye mwenyewe, akapenda.

Basi ikawa ndiyo Jumamosi yao. Asubuhi walidandia lori lililokuwa linapanda tupu kufuata ndizi na tangawizi, baiskeli zao zimelazwa nyuma, na mchana kutwa walishuka kwa njia za miguu. Walipita kando ya mifereji na katikati ya migomba, wakatokea kwenye miamba na mikonge huku chini kwenye joto. Wazee wa milimani hawakuwaelewa kabisa. Kule, baiskeli ni ya kubebea mkungu au dumu la maji.

"Mnapeleka nini Same?" waliulizwa.

"Hatupeleki kitu, mzee."

"Mlileta nini huku?"

"Hatukuleta kitu."

Mzee alitikisa kichwa akaendelea na palizi yake. Honorata, mke wa Eliufoo, aliuita ugonjwa wa Jumamosi, na Ijumaa jioni alimfungia mgonjwa wake viazi na chumvi kwenye mfuko.

Walikuwa na utaratibu wao, na waliufuata kama ibada. Njia za mlimani zina njiapanda nyingi, na hawakushuka kwa mwendo mmoja. Sifael alitangulia, kwa kuwa anajua breki na anaziheshimu. Eliufoo alibaki nyuma, maana alikuwa na mashine ya kupimia presha ndani ya begi na kila bibi wa njiani alikuwa mgonjwa wake. Kwa hiyo aliyetangulia, akifika njiapanda, alikata tawi akalilaza kukatiza njia isiyopitwa. Tawi likilala, geuka. Pasipo tawi, pita.

Ledama aliongeza sharti moja mwezi wa kwanza tu. "Msikate kitu cha kuliwa. Kateni jani la mkonge."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mna majirani wenye miguu minne."

Walimcheka. Eliufoo alimwambia kwamba hata akiingizwa kanisani atahesabu mbuzi. Ledama alicheka pia, lakini zamu yake ya kutangulia ilipofika, alikata mkonge.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nne, mwaka jana. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha vibaya mlimani. Ledama hakuwepo, alikuwa akichanja ng'ombe wa kaka yake. Wakapanda wawili. Walipokuwa wakishuka, wakafika kwa Bibi Salama, ambaye presha yake ilikuwa inapanda kila akisikia kengele ya baiskeli ya Eliufoo, ili tu apimwe. Eliufoo akaegesha baiskeli.

"Tangulia, fundi. Bibi ataongea kwanza, nitampima, ndipo nije. Nusu saa."

"Njia imelowa. Usikimbie."

"Wewe niwekee tawi tu. Mimi nafuata tawi lako kama kondoo."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia Sifael kutoka kwake.

Chini ya kwa Bibi Salama kuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na baada ya ndiva njia inagawanyika. Ya kulia ndiyo waliyoizoea, inashuka kwa kasi nzuri mpaka kwenye daraja la magogo juu ya korongo. Sifael akaishika. Kwenye kona ya mwisho akabana breki zote mbili, akasimama mita chache kutoka ukingoni. Daraja halikuwepo. Mvua ilikuwa imelibeba na kuacha korongo wazi, na chini ni mawe matupu.

Akarudi njiapanda akisukuma baiskeli. Mkonge ulikuwepo, juu ya tuta, hatua thelathini hivi. Nimesema thelathini kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kuzipima baadaye, siyo mara moja. Mlusina ulikuwa hapohapo, unafikiwa kwa mkono. Wingu lilikuwa linajikusanya upya, hofu aliyoipata ukingoni ilikuwa haijamtoka, na mkono wake ulifanya kazi uliyofundishwa na Mama Ernesta tangu utotoni. Akatoa kisu, akakata tawi kubwa, zito kwa majani, akalilaza kukatiza njia ya kulia. Lilionekana vizuri sana. Hata kipofu angelikanyaga.

Akachukua njia ya kushoto, ya kuzunguka, mpaka barabara ya Mwembe, akakaa kwenye kibanda cha chai. Akanywa chai. Akanywa nyingine. Baada ya saa moja aliacha kikombe mezani na kuanza kupanda. Hakuwa amefika hata nusu aliposikia sauti za wanawake, akazifuata mpaka ukingoni mwa korongo.

Vijana walikuwa wameshashuka korongoni kumfuata Eliufoo. Walipompandisha, mmoja wao alivua shati akamfunika uso, na hapo Sifael hakuhitaji kuambiwa. Alikaa chini kwenye tope. Nani amwinue, na rafiki pekee wa Eliufoo pale alikuwa yeye mwenyewe?

Baadaye, wakati wakitafuta machela, alipanda peke yake mpaka njiapanda. Tawi halikuwepo njiani. Lilikuwa kwenye nyasi, hatua nne kuelekea chini, nalo halikuwa tawi tena. Halikuwa na jani hata moja. Ganda lilikuwa limemenywa upande mmoja, jeupe, na pembeni yake kulikuwa na alama nyingi za kwato kwenye tope na mavi mabichi meusi. Mbuzi wa chini, wale wanaojitafutia wenyewe, walikuwa wamepanda kunywa maji kwenye ndiva, kama walivyopanda kila siku, na njiani wakakuta wameandaliwa. Mtoto wa Mama Ernesta hawezi kuona kijiti kilichogugunwa akashindwa kujua. Alikiangalia, akafungua begi, akakisukumia ndani, chini ya pampu.

Kwa nini alikificha? Nimeshamsikia akijiuliza hivyo mara nyingi. Alisema mkono ulifanya.

Polisi walimuuliza, "Uliweka alama?"

"Niliweka tawi."

"Dogo?"

"Kubwa. La mlusina."

"Ulilikatiza njiani?"

"Nililikatiza."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Na kwa ukweli huo, kabla jua halijazama, Same nzima ilikuwa imeshajua kwamba Eliufoo aliwekewa tawi kubwa akalipita kwa ubishi.

Alizikwa kwao Mbaga. Mchungaji, mtu mwema, alihubiri juu ya maonyo ambayo Mungu hutulazia njiani nasi tunayaruka. Watu waliguna kwa kukubali. Sifael alikuwa amesimama nyuma ya wabeba jeneza, begi lake begani. Ulipofika wakati wa kutupia udongo, Honorata aliitwa wa kwanza. Alilisogelea lile shimo, akaangalia chini, akaificha mikono yake ndani ya khanga.

"Aliliona akapita," alisema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. "Alijua nina yeye tu, alijua ana mtoto, akapita. Mimi sina udongo wa kumtupia."

Shangazi mmoja alimvuta mkono, akauchomoa. Wakaendelea wengine. Fortunata, binti yao wa darasa la sita, alitupa udongo wake na wa mama yake.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Watu wa Same wakaanza kusema, "Usinifanyie ya Eliufoo," kwa mtoto anayekimbia barabarani, kwa mlevi anayekatazwa chupa, kwa dereva anayelazimisha. Lilisemwa sokoni, likasemwa stendi. Muuza chapati alimwambia mteja hivyo mbele ya Sifael, na Sifael akaangusha spana. Mtu aliyetumia Jumamosi zake kupima presha za vibibi vya watu akageuka kuwa jina la ukaidi. Hili linaniudhi mpaka leo, na nalisema wazi.

Sifael alijaribu kulipa kwa njia nyingine. Miezi mitatu baada ya mazishi alipeleka saruji Mbaga, akachanganya kokoto kwa mikono yake, akalisakafia kaburi la rafiki yake lote, pande zote, akalainisha kwa mwiko mpaka likang'aa. Ndugu walimshukuru wakamwita rafiki wa kweli. Alikula chakula chao huku ametazama sahani. Honorata hakwenda. Alikuwa hamtaji mumewe kwa jina. Baiskeli aliiagiza ipelekwe kwa fundi, afanye atakavyo, na fundi akaitundika. Ringi ile aliweza kuinyoosha kwa dakika ishirini. Hakuigusa. Wala Jumamosi haikuwepo tena. Ledama aliuza baiskeli yake.

Miezi kumi na moja ilipita hivyo. Siku moja, baada ya shule, Fortunata alifika kibandani akiwa bado na sare. Alikuwa amerefuka kama baba yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Naomba kuuliza. Lile tawi, lilikuwa kubwa kweli?"

Sifael aliweka chini mnyororo aliokuwa anausafisha. "Kwa nini unauliza?"

"Nimekumbuka siku ile baba alisahau miwani nyumbani. Ilikuwa juu ya friji. Sasa nawaza, kama tawi lilikuwa dogodogo, labda hakuliona. Ukisema lilikuwa dogo, nitamwambia mama. Labda atamsamehe."

Alikuwa amebeba miwani ile kwenye mfuko wa sketi, kama ushahidi. Aliitoa akaionesha.

Sifael aliitazama miwani, akamtazama mtoto, na kitu alichokuwa amekishikilia kwa miezi kumi na moja kikamtoka mikononi. Macho yalimjaa machozi mbele ya binti wa marehemu, na hakujali. "Rudi nyumbani," alimwambia. "Mwambie mama nakuja. Leo hii."

Alipitia kwanza dukani kwa Ledama. Aliweka kijiti juu ya kaunta, kati ya chupa za dawa ya kupe, bila maelezo. Ledama alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye alama za meno. Ilimchukua muda mfupi sana.

"Mbuzi," alisema. "Hili ni lile tawi la njiapanda?"

"Ndiyo."

"Umelijua lini?"

"Siku ileile."

Sifael alikuwa amejiandaa kwa matusi, na matusi angeyapokea vizuri. Lakini Ledama alikaa tu kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe, mikono kichwani. "Na mimi nilikuwa nimekasirika naye," alisema mwishowe. "Mwaka mzima nimemkasirikia yule kaka. Nimeuza baiskeli kwa hasira." Akamrudishia kijiti. "Peleka."

Honorata alikuwa uani akichambua mchele. Alimwita Fortunata alete kiti, kisha akamtuma dukani, maana uso wa mgeni ulitosha kumweleza kwamba hayakuwa maneno ya mtoto.

"Karibu, shemeji."

Sifael hakukaa. Alikiweka kijiti juu ya ungo, juu ya mchele, akasema yote kwa mpigo mmoja, yeye ambaye watu humlalamikia kwa uchache wa maneno. Alisema mkonge ulikuwa hatua thelathini. Alisema Ledama aliwaonya. Alisema mbuzi walikula tawi, kwamba Eliufoo alipofika njiapanda njia ilikuwa wazi, na kwa utaratibu wao njia wazi maana yake pita. Alisema alikificha kijiti na kuacha watu waseme.

Honorata alikishika kijiti. Alikigeuza kama anayetafuta mahali palipoandikwa kitu.

"Kwa hiyo hakuliona."

"Hakukuwa na kitu cha kuona, shemeji."

"Alifanya mlivyokubaliana."

"Alifanya tulivyokubaliana."

Ungo ulianguka, mchele ukamwagika uani. Alilia kilio ambacho hakikuwa kimetoka siku ya mazishi, cha kukunja mwili, na kuku walikuja wakadonoa mchele miguuni pake bila yeye kuwafukuza. Sifael alisimama. Hakuthubutu kumgusa, hakuthubutu kuondoka. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka karibu mzima Honorata alimwita mumewe kwa jina, akaliita tena na tena.

Alipotulia, hakumtukana. Alifuta uso kwa khanga akamtazama.

"Tawi siyo kosa," alisema. "Mtu hukosea. Ningelia, ningekusamehe, ungeendelea kuja kula hapa Jumapili. Lakini nilizika mume nimemnunia, Sifael. Ulikuwepo. Ulikuwa na hiki begini, ukaniangalia naficha mikono." Alikuwa ameacha kumwita shemeji. "Udongo wangu utanirudishiaje?"

Sifael alisema atakwenda kwa mchungaji, atasema mbele ya watu. Honorata akamwambia hilo ni lazima na halihitaji shukrani.

Na alisema, kweli, Jumapili mbili baadaye, kwenye ibada ya kumbukumbu kule Mbaga. Alisimama mbele na kijiti mkononi. Alipomaliza, mchungaji, ambaye naye alikuwa na la kwake la kutubu, aliomba radhi kwa mahubiri yake. Bibi Salama alikuwa ameletwa kwa pikipiki kutoka kwake, na alisikika akisema kwa sauti, "Nilijua mimi. Yule kijana alikuwa msikivu."

Kisha walikwenda kaburini. Honorata aliomba apite peke yake, na watu wakasimama kando ya migomba. Aliinama pembeni, penye shamba, akachota udongo mwekundu kwa mikono yote miwili. Akasogea, akainyoosha mikono juu ya kaburi, akasita.

Hapakuwa na mahali pa kuutia. Saruji ya Sifael ilikuwa imefunika kila upande, laini, bila ufa hata mmoja, kazi ya fundi kweli. Honorata alizunguka kaburi lote akitafuta. Kisha akaumwaga tu pale juu, kifuani pa mumewe, na udongo ukakaa juu ya saruji kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Alipiga magoti akauzungushia mikono kuukinga na upepo.

Sifael aliona yote hayo akiwa amesimama kando ya migomba, kijiti bado mkononi. Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, alidandia lori la ndizi akiwa na nyundo na tindo kwenye begi, mahali ilipokuwa pampu. Alibisha hodi kwa wazazi wa Eliufoo, akawaomba ruhusa, wakamruhusu. Akaanza kuvunja saruji upande wa kifuani, taratibu, kipande kimoja kimoja, akiuhamisha ule udongo mwekundu na kuuweka kwenye shati lake lililotandikwa chini, mpaka alipofikia ardhi.